Anayepoteza Ndiye Anayekuwa Chanya

Shangazi yangu aliosha vyombo vya maabara ya sekondari kwa miaka kumi na tisa. Mirija na bilauri za kioo alizijua moja moja, kwa nyufa zake. Yeye mwenyewe aliacha shule kidato cha pili, bibi alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwalea. Hakuwahi kulalamika. Ila alipotimiza miaka arobaini na sita, alimfuata mumewe kwenye karakana yake ya useremala.

"Baba watoto, nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne."

"Fanya," akajibu, randa ikiendelea kwenda. "Nitapika mimi. Mkifa njaa msinilaumu."

Masomo mengine yalikwenda. Kemia ikamkwamisha kwenye ioni. Mwalimu wa kemia, kijana aliyemheshimu kama mama yake mzazi, alimfundisha mchana pale pale kwenye beseni la kuoshea: atomi ya sodiamu ikipoteza elektroni moja huwa ioni chanya, ya klorini ikipokea moja huwa ioni hasi.

Shangazi akaweka brashi chini. "Mwalimu, anayepoteza ndiye anayepewa alama ya kujumlisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na anayepata anapewa ya kutoa?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo si kemia, ni dhuluma."

Wiki mbili nzima akawa anazigeuza alama hizo katika majibu yake. Likizo hiyo nilikwenda kumsalimia, nikamkuta amefura, daftari limejaa wino mwekundu. Tukawa tunakunja nguo, nikamuuliza, "Shangazi, yule mpangaji wenu mgomvi alipohama, mlipungukiwa?"

"Tupungukiwe na nini! Tulipumua. Shari zote aliondoka nazo."

"Elektroni ndiye huyo. Hasi ameibeba yeye. Akitoka, nyumba inabaki chanya."

 Akacheka, shuka mkononi, mpaka akakaa juu ya nguo alizokwisha kunja. "Na maskini wa Mungu waliompokea?"

"Hao ndio klorini."

Hakuzigeuza tena.

Siku ya mtihani wa vitendo walipewa chumvi isiyojulikana, waitambue.  Akaiyeyusha, akagawa maji yake sehemu mbili. Ya kwanza akaitia magadi makali ya kutengenezea sabuni. Likatuama tope la buluu. Shaba hiyo, ioni chanya. Ya pili akaitia asidi kidogo, kisha nitrati ya fedha. Pakatanda weupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Kloridi, ioni hasi. Akaandika majibu, akayasoma mara tatu. Halafu akainuka, akaanza kuosha mirija yote ya meza yake.

Msimamizi akamjia mbio. "Mama, wewe ni mtahiniwa!"

"Najua, mwanangu. Lakini ikikaukia humo haitoki."

Matokeo yalipobandikwa ukutani, mumewe alidai anapita tu kupeleka mbao, ingawa hakuwa na hata ubao mmoja. Alitafuta jina kwa kidole, akalipata, akatulia hapo. Jioni hiyo aliwaambia wateja wote wa karakana kwamba ameoa mkemia.

"Mkemia gani?" shangazi akamkatiza, uso umemwiva kwa haya. "Nimepata C."

"C," alisema mumewe, akipangusa vumbi la mbao kwenye benchi ili mkewe akae. "Haya, nitajieni mwingine aliyepata C huku anawaoshea wenzake vyombo."