Vimpira vya Polepole

Tangu biashara iwe ruksa, wenzangu, sijui tena kutulia. Juzi nilicheza tenisi hapa Singida mjini na mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilimtupia shikamoo bila hata kungoja aitikie, maana lori langu la alizeti lilikuwa linapakia.

Mimi nilipiga makombora. Yeye, na raketi yake ya mbao, alirudisha vimpira vya polepole, kama anayemtengea mgeni chai. Nilishindwa kuvisubiri, nikapiga hewa, nikapiga wavu, nikapiga nje.

"Mzee, piga basi!" nilifoka.

Akatabasamu, akaleta kingine vilevile. Nilifungwa seti zote mbili.

Tulipopeana mkono hakuuachia wangu.

"Marahaba," alisema. "Ulinisalimia ukikimbia, mwanangu, nikaona nikusubiri usimame."