Kibao cha Akina Mama wa Jebel

Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi, lakini hii moja najuta mpaka leo.

Mimi ni Mkenya, mwalimu wa Kiingereza hapa Juba, na kitu kinachonitoa jasho darasani ni ritifaa. Ni alama ile ile ya kwenye neno ng'ombe, ila Waingereza huitumia kuonyesha kitu ni cha nani. Mwenyewe akiwa mmoja, inakaa kabla ya s. Wakiwa wengi, inakaa baada yake. Halafu yako maneno ya wengi yasiyo na s, kama women na children, yaani wanawake na watoto, na hapo ndipo darasa zima huchanganyikiwa.

Jumamosi nilikuwa nawafundisha akina mama wanaopika chakula soko la Jebel. Katibu wao, mama wa makamo, hakukosa somo hata moja. "Ustaz, mimi iko nasoma mpaka nashinda mtoto yangu," alikuwa akiniambia, na tunacheka.

Siku moja nikakuta kibao kipya juu ya mlango wa jiko lao. Katibu alikuwa amekiandika yeye mwenyewe kwa rangi ya buluu, kwa Kiingereza: Mother's Kitchen, akimaanisha jiko la akina mama. Ritifaa ilikuwa kabla ya s. Wenzake walikuwa wanakitazama kwa furaha, wateja nao wanakula. Si ningesema hongera tu, jamani? Kimbelembele changu! Nikapanda kwenye kiti na kalamu nyekundu, nikaizungushia duara.

"Kumbe jiko ni la mama mmoja," nikasema. "Hawa wengine ni wageni wake?"

Watu wakaangua kicheko. Nilijiona mcheshi kweli. Yeye pia alicheka, mkono mdomoni. "Kalas, ustaz, imeisha," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Jumamosi iliyofuata hakuja darasani. Nikaenda jikoni kumwomba msamaha. Akanipakulia chakula, akawaulizia watu wangu wa Kenya, na kila nikianza ananikatiza: "Hiyo kitu kidogo, ustaz. Kula."

Mwenyekiti wao akapitisha daftari la mahudhurio, kila mama aandike jina lake. Akaninong'oneza kwamba mwenzao ameacha ukatibu. Daftari lilipomfikia, yule mama akaisukuma kalamu pembeni, akaomba wino wa muhuri, akabonyeza kidole gumba.

Jina lake alijua kuliandika kabla hajanijua mimi.