CV Niliyoiandika Mara Kumi na Moja

Jumatatu nilipewa kazi. Alhamisi ikachukuliwa.

Kiti chenyewe hata sikukikalia.

Barua pepe ilikuwa na mistari mitatu. Asante kwa muda wako. Tumeshindwa kuthibitisha taarifa zako. Tunakutakia mafanikio.

Ningekuwa nimekosea mahali ningeelewa. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu, kampuni tatu tofauti, maneno yale yale. Wananihoji, tunacheka, wananiambia karibu. Siku chache baadaye ni kama hatujawahi kuonana.

Nikasema hapa kuna mtu. Unatujua sisi. Mambo yakikwama mara tatu hatuulizi ni nini, tunauliza ni nani.

Na kweli alikuwepo mtu. Ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Elkana. Nimetoka Kitale nikaja London kusomea masters ya supply chain, yaani kuhakikisha mzigo unafika unakotakiwa kwa wakati. Nilimaliza vizuri. Visa ya waliohitimu ilinipa miaka miwili ya kutafuta kazi, na wakati haya yanatokea ilikuwa imebaki miezi minne. Nisipopata kampuni ya kunidhamini, Septemba tarehe kumi na nne narudi nyumbani.

Na nyumbani mama alikuwa ameshawaambia wenzake wa chama cha akina mama kwamba mwanawe ni meneja London.

Meneja yupi. Nilikuwa nafanya shift kwenye care home, nageuza wazee kitandani na kubadilisha nepi.

Nilikaa Barking kwa Auntie Jedidah. Si shangazi wa damu, ni rafiki wa mama wa tangu zamani. Lakini huku mama yeyote Mkenya aliyekupokea airport na kukupikia ugali siku ya kwanza ni auntie mpaka kufa. Yeye ndiye aliyeniingiza care home, na kule alikuwa msimamizi wangu.

CV nilikuwa nimetuma zaidi ya themanini. Kimya.

Ilikuwa ile CV tuliyofundishwa nyumbani. Kurasa nne. Picha ya pasipoti, nimevaa tai ya kuazima. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa. Marks za darasa la nane. Niliwahi kuwa prefect wa dining hall, hiyo nayo nikaiweka.

Care home sikuiandika. Nisome miaka yote hiyo halafu niandike kwamba nabadilisha nepi?

Mwezi wa nne nilikuwa nimemsindikiza Marcelina Heathrow. Tulisoma darasa moja, na kwenye project yetu mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi, ingawa kichwa kilikuwa chake. Visa yake, aliyoiomba kabla yangu, iliisha bila kazi. Pale mlango wa security akaniambia, "Elka, sijui CV yangu ilikuwa na shida gani."

Mimi, bwana wa kurasa nne, nikamshauri abadilishe aina ya herufi.

Basi nikaenda ofisi ya careers ya chuo, pale Stratford. Nikampata mama mmoja wa Kihindi, nywele nyeupe, miwani imening'inia kwa kamba. Anaitwa Pramila. Alipofika kwenye neno Kitale akainua macho.

"Mimi nilizaliwa Kisumu," akasema kwa Kiswahili. "Duka la baba lilikuwa karibu na soko. Sasa kijana, niambie. Dini yako inamsaidia nini huyu mtu wa kukuajiri?"

Akaikata, akashuka mstari wa chini.

"Na huyu prefect wa dining hall?"

"Huo ni uongozi, madam."

"Ulikuwa unagawa maharagwe."

Kalamu yake nyekundu haikuwa na huruma. Picha ikaenda. Darasa la nane likaenda. Ile sentensi yangu ya kutafuta shirika la kukuza vipaji vyangu aliikata mara mbili, kama vile ilikuwa imemtukana.

"Sasa hivi unafanya nini?"

"Ah, nimejishikiza tu mahali. Kazi ya care."

"Sikuuliza umejishikiza wapi. Unafanya nini?"

Nikamwambia kwa shingo upande. Gloves na nepi za wazee zilikuwa zinaisha kila wikendi, tunabaki kukimbizana na maduka. Nikachora chati, nikapanga nani anakagua stoo siku gani na tunaagiza lini.

"Zimewahi kuisha tena?"

"Hapana. Miezi saba sasa."

Akaweka kalamu chini. "Na umekaa hapo unaniambia huna experience."

Aliiandika mwenyewe, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Akaniambia CV si hadithi ya maisha yangu, ni jibu la tangazo moja. Tangazo likibadilika, jibu libadilike.

Mwisho kulikuwa na referees wangu, yaani watu wa kuulizwa kunihusu: pastor wa Kitale na naibu chifu. Akawakata wote wawili.

"Weka mtu aliyekuona ukifanya hii kazi."

Meneja wa zamani alikuwa amehama, kwa hivyo nikaweka Auntie Jedidah, team leader, na namba yake ya simu.

"Umemwambia?"

"Ndiyo, madam."

Nilidanganya. Kwanza, nyumbani referee ni pambo la mwisho wa CV, nani huwa anampigia? Pili, kwetu mpango hautangazwi mpaka ukamilike. Auntie akijua natafuta kazi, kwaya nzima inajua, na nikikosa nitapewa pole kila Jumapili hadi nihame kanisa.

CV mpya ikafanya kazi. Ndani ya mwezi nilikuwa na interview nne na kazi tatu.

Halafu zikaja zile barua pepe tatu za pole.

Sasa mimi nikairudia CV. Niliiandika upya mara kumi na moja. Nilipunguza, nikaongeza, nikaondoa jina la pili. Nilifunga na kuomba siku tatu. Nilishuku jirani mmoja wa Kitale asiyetupenda, nikashuku watu wa darasa, mwisho nikamshuku hata Pramila wa watu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba mzee akiniomba chai kazini naitikia kwa kuuma meno.

Kampuni ya nne ilikuwa ya mizigo ya ndege, kule Hounslow. Jumanne wakaniambia kazi ni yangu, na visa wataidhamini. Limebaki jambo dogo tu. Walimtumia referee ujumbe hajajibu, kwa hivyo watampigia.

Alhamisi nikatoka shift, nikafika nyumbani saa kumi jioni. Auntie yuko jikoni anakata sukuma, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Who? Elkana?" alikuwa anasema. "No, no, my dear. I don't know any Elkana."

Akasikiliza kidogo.

"Working with me? Never. God bless you." Akakata.

Nilibaki mlangoni na viatu mkononi.

Aliponiona akatabasamu, akashusha sauti. "Baba, kuna watu wanakutafuta. Lakini usiogope, nimewamaliza. Hii ni mara ya nne."

Mara ya nne.

"Auntie, hao ni watu wa kazi."

"Kazi gani? Si uko na kazi?"

Sijawahi kumpandishia mtu mzima sauti, ila siku hiyo ilipanda yenyewe. "Ningekuwa na kazi tangu mwezi jana, auntie. Umezifukuza zote ukikata mboga."

Akaweka kisu chini polepole.

"Na kwa nini hukuniambia? Mimi nilikaa hii nchi miaka sita bila karatasi. Kuna mama alikuwa anapigiwa simu na watu wa uhamiaji kuhusu mimi, anasema hanijui, na mimi nimekaa kwake nakula. Ndiyo maana niko hapa leo. Wewe unaweka jina langu mahali kimyakimya, halafu unanipigia kelele?"

Sheria yenyewe niliijua. Alinipa siku ile ya kwanza, hata koti sijavua.

"Mtu akipiga kwa namba hujui, akuulize kama unamjua fulani, humjui. Hata fulani akiwa hapo kwa kochi."

"Hata akiwa mtu mzuri, auntie?"

"Watu wazuri umewasave kwa simu."

Akafuta mikono kwa leso, akairudia ile namba. Miaka yote hiyo, hakuwa amewahi kuipigia namba ya ofisi asiyoijua.

"This is Jedidah. You asked me about Elkana. I told you a lie. I know him very well."

Akaeleza kila kitu, gloves, nepi, chati, hadi siku nilipokesha na mzee aliyekuwa anakata roho. Yule wa Hounslow akataka maandishi. Jumatatu meneja mpya wa care home akafungua mafaili, akawaandikia barua.

Kazi nikapata. Septemba tarehe kumi na nne ilinikuta Hounslow, natafuta mizigo iliyopotea.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini wakati auntie anaongea na simu, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni. Nilikuwa nimekumbuka mwezi wa pili.

Mwezi wa pili namba nisiyoijua ilinipigia. Mwanamke, sauti ya ofisini. Akauliza kama namfahamu Marcelina.

Nikasema wrong number.

Nilimsimulia auntie, akaniongezea nyama. Marcelina mwenyewe sikumwambia. Wema wa namna hiyo huwa hautangazwi. Miezi miwili baadaye nikamsindikiza airport na kumshauri kuhusu herufi.

Nilimpigia kabla sijaanza kazi. Yuko Eldoret, anauza dawa za mifugo kwenye duka la mjomba. Nikamwambia kila kitu bila kujitetea.

Nikamsikia akimwambia mteja asubiri, akatoka nje ya duka.

"Ni kweli nilikuweka referee," akasema. "Sikukuambia, nilitaka nikushtukize nikipata." Halafu akauliza, "Ilikuwa kampuni gani?"

"Sijui. Nilikata kabla hajasema."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo wewe uliyemaliza chuo juzi, toa picha, punguza kurasa, andika ulichokifanya hata kama ni kuhakikisha nepi haziishi. Lakini kabla hujaituma, mpigie kila mtu uliyeandika jina lake humo. Na siku wewe ukipigiwa, mwache mtu amalize kuongea.

Mimi somo hili nimelielewa. Aliyelilipia karo ni Marcelina.