Mkunga Aliyekataliwa na Glavu

Kila asubuhi, kabla ya kugusa karatasi, mkunga wetu huosha mikono mpaka viwiko, polepole, kama anayeingia kuzalisha. Haingii. Glavu za mpira zilimkataa baada ya miaka ishirini: kwanza ngozi ilimwasha, kisha ikapasuka, mwisho pumzi zikambana mle mle wodini. Aliletewa za buluu zisizo na mpira, lakini wenzake wakivua zao za mpira tu, unga wa ndani yake unaoruka humfunga koo. Sasa mimi, karani, naye twakaa meza moja, yeye akiandika vizazi, na ukuta mmoja tu umemtenga na wodi ya uzazi ya hospitali yetu ndogo hapa Mji wa Kale.

Akisikia mzazi analia upande wa pili, kalamu yake husimama. Jana adhuhuri ilisimama, akainamisha kichwa kidogo, akaita, "Dama, mwanangu, huyo wa kitanda cha pili yuko tayari. Mkimbilie!" Dama, mkunga mdogo, akakimbia. Yeye akainuka akaenda mpaka mlangoni, asivuke kizingiti, viganja vyake vimefunguka mbele kama vya mtu anayengoja kupokea. Mtoto alipolia, alitazama saa ya ukutani, akarudi mezani, akaandika: saa saba na dakika kumi na mbili. Penye mvulana au msichana akapaacha wazi.

"Mbona hujamaliza?" nikamuuliza.

"Mpaka waje waniambie," akasema. "Zamani nilikuwa nikijua kabla ya mamake."