Siku Niliyolala Tena Kitandani

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka arobaini na nne, na ndipo kikohozi kiliponianza. Kabla ya hapo sikuwahi kuumwa hata jino. Najisifu, ndiyo, na haki ninayo. Nimezaliwa kwa wakulima wa pamba. Nilisoma hadi darasa la tatu, baba akasema inatosha, ng'ombe hawana mchungaji. Mume nilimpata, akanizalisha mtoto mmoja, Shija, kisha akaaga kwamba anakwenda kutafuta mgodi mwingine. Kumbe alikuwa anatafuta mke mwingine. Sikumfuata. Nilimbeba Shija mgongoni, nikamchukua mdogo wangu Kabula, tukaenda kuponda mawe kwenye machimbo madogo upande wa Kharumwa. Kwa mikono hii nilimlea mtoto mpaka akawa mtu mzima.

Niieleze kazi yenyewe, maana wapo wasioijua. Wanaume wanashuka kwenye duara, yaani lile shimo, wanatoa mawe. Mwanamke hashuki. Wanasema akishuka, dhahabu inakimbia. Basi sisi tunabaki juu na kinu cha chuma na mchi wa chuma. Unaponda jiwe mpaka linakuwa unga laini kama wa muhogo, unauchekecha kwa kitambaa, ndipo unaupeleka kuoshwa.

Mawe ya hovyo tuliyaponda nje, chini ya turubai. Mawe mazuri tuliyaponda ndani. Kila mwenye akili pale alifanya hivyo, kwa sababu jiwe zuri likionekana, jioni utapata wageni ambao hukuwaalika. Kwa hiyo tulifunga mlango, Kabula akapigilia blanketi dirishani na kuziba chini ya mlango kwa matambara.

"Dada, jicho la mtu linatoboa mfuko," alikuwa akisema.

"Na hewa je?"

"Hewa haiibiwi. Itaingia yenyewe."

Tukacheka. Kabula alikuwa hivyo, hata msibani alikuwa na neno la kuchekesha. Tulikuwa tukitoka mle ndani weupe kama vizee, nywele na kope zote unga. Tulizikung'uta kanga zetu juu ya kinu ili unga usipotee, maana dhahabu ilikuwa humo. Ule tuliokuwa tumeshauvuta kifuani hatukuufikiria.

Jirani na nyumba yetu palikuwa na kanisa la mabati. Jumapili moja mzee wa kanisa alikuja kubisha hodi. Alikuwa mwanamke muuza mchele aliyetokea Tabora, Mama Neema.

"Mama Shija, tunaomba utusubiri hadi ibada iishe. Mchungaji akisema amina, kinu chako ndicho kinachoitikia."

"Mwambieni apaze sauti," nilimjibu. "Mungu wangu mimi yumo humu kinuni. Siku nisipoponda, sili."

Alicheka akaenda zake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera.

Kikohozi kilianza kikavu, kama mtu aliyepaliwa na ugali. Kikaja na makohozi, kisha makohozi yakaja na damu. Nilikuwa nalowa jasho mpaka shuka unaikamua. Nilikonda, sketi ikawa inanivuka nikitembea. Kwenda kisimani na kurudi nilipumzika njiani kama bibi wa miaka themanini, mimi niliyekuwa nabeba gunia la mawe kichwani. Kibaya kuliko vyote kilikuwa kulala. Nikilala chali naona kama mtu amenikalia kifuani. Nikihamia ubavuni, vilevile. Nikaanza kulala nimekaa, mgongo ukutani, kichwa nimekiegemeza kwenye gunia la pumba. Kitanda ninacho, sikitumii. Mwenye kulala hivyo halali, anasubiri kuche tu.

Kabula naye alikuwa anakohoa, ila alijificha nyuma ya nyumba akidhani simsikii. Mganga alituambia tumerogwa na mwenye duara. Tulimpa mbuzi, tukaendelea kukohoa.

Shija alikuwa anaendesha bodaboda Kahama. Alipokuja kutusalimia hakukaa hata dakika. Alituangalia, akasema, "Mama, shikamoo, na inuka twende." Alitupeleka hospitali Shinyanga. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alituonyesha picha za vifua vyetu zikiwa na mawingu.

"Mama zangu, wote wawili mna kifua kikuu," alisema. "Hicho kinatibika, miezi sita ya vidonge bila kuruka. Lakini lipo lingine. Vumbi la mawe limeweka makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayana dawa. Mkikaa mbali na vumbi, yanaweza kusimama hapo yalipo. Mkirudi kuponda, sitawaona tena. Mnatakiwa kupumzika."

"Kupumzika kunauzwa duka gani?" nilimuuliza.

"Hakuuzwi, mama. Ndiyo maana nakuomba."

"Hatutarudi," Kabula alisema upesi, kama mtoto aliyeulizwa kama amelamba sukari.

Dawa zilifanya kazi. Kabula alinenepa kuliko mimi, mashavu yakarudi. Hapo ndipo mawe mazuri yalipotoka kwenye duara moja pale jirani, na wakamletea yeye, maana mkono wake ulijulikana. Vidonge vyake akaviacha kwenye kopo la chumvi.

"Dada, mimi nimeshapona," alisema. "Naponda haya tu. Haya ndiyo ya kununulia kiwanja, tuondoke hapa."

Nilimwambia yote mnayoweza kufikiria. Nilimtukana, nikamlilia, nikamficha mchi. Akaazima mwingine. Akafunga mlango, akaweka blanketi lake dirishani. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda, nikisikia kinu ndani, du, du, kisha kikohozi, kisha du. Ninavisikia hata sasa ninapoandika.

Kwetu jina la Kabula hupewa mtoto aliyezaliwa mvua inanyesha. Na alikufa mvua inanyesha. Siku ile aliniambia, "Dada, nilaze chali kama watu." Nikamlaza, akashindwa kuvuta pumzi, nikamwinua. Akaomba tena, nikamlaza, nikamwinua. Mwisho nilikaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, tukahema pamoja mpaka nikabaki nahema peke yangu. Amekufa amekaa. Tulipomwosha, kwenye kucha zake bado mlikuwa na unga mweupe. Mdogo wangu alitaka kulala tu, na hata hilo hakulipata.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye ile nyumba. Nilikuwa nimebakiza vidonge vichache nimalize. Lakini sikuwa nalala, na sikuwa nalia pia. Macho makavu kama mawe. Nilisema, kama ni kufa, nife nikifanya kazi. Nikauendea mchi. Ulikataa kunyanyuka, au mikono ndiyo ilikataa, sijui. Nikakaa chini sakafuni.

Mama Neema alinikuta hivyo, na wanawake wengine wawili wa kanisani. Nilijiandaa kuhubiriwa, jibu langu nilikuwa nalo mdomoni. Hawakuhubiri. Mama Neema alikwenda moja kwa moja dirishani akang'oa blanketi la Kabula. Jua likaingia, tukaona vumbi linaelea chumba kizima kama moshi. Wakamwaga maji sakafuni kabla ya kufagia, wakafuta kuta kwa matambara mabichi. Mlango wakauacha wazi. Niliinuka niwasaidie.

"Kaa," Mama Neema aliniambia.

"Nikikaa nani atanilisha?"

"Leo sisi."

"Na kesho?"

"Kesho haijafika, na wewe umeanza kuiponda tangu ujana wako." Akanipa bakuli la uji. "Mama Shija, Bwana Yesu hakuwaita waliomaliza kazi. Aliwaita waliochoka. Wewe umechoka au hujachoka?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikasema, "Nimechoka." Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata mume hakulisikia. Nikamlilia Kabula siku hiyo, kwa sauti, kamasi zikatoka, na wale wanawake hawakuniambia ninyamaze.

Jumapili nilikwenda kanisani. Nilikaa karibu na mlango, nimeegemea ukuta wa mabati, nikasikia wimbo wa kwanza tu. Nilipofumbua macho mabenchi yalikuwa matupu. Mama Neema alikuwa amekaa pembeni yangu, amenifunika kanga yake.

"Mchungaji amehubiri nini?" nilimuuliza kwa aibu.

"Kuhusu pumziko. Wewe peke yako ndiye uliyemwelewa."

Hivyo ndivyo nilivyookoka, bila kuanguka na bila kupiga kelele. Niliokoka nikiwa usingizini. Nilimaliza vidonge vyangu vyote. Shija akanihamishia Kambarage, mjini Shinyanga, na Mama Neema akanifundisha biashara ya mchele, mchele uliokwisha kukobolewa, usio na vumbi. Jumapili sifungui biashara. Mwanzoni niliona ni hasara, nikawa natembea ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Polepole nikajifunza kukaa na kumwambia Mungu, leo Wewe ndiye mwenye zamu.

Jumapili moja mchana, baada ya ibada, nilikaa kitandani nivue viatu. Nikajilaza niunyooshe mgongo. Nilipoamka jua lilikuwa linazama na Shija amesimama mlangoni, ananiangalia kifua kama kinapanda na kushuka.

"Baba, nimekufa?" nilimtania.

"Unakoroma, mama."

Nilikuwa nimelala chali. Nilifurahi, kisha nikamkumbuka aliyeomba kulazwa hivyo, furaha ikakatika. Ndivyo ilivyo mpaka leo, kila nikilala vizuri ninamkumbuka.

Sijapona kama mnavyodhani kupona. Makovu yapo, mlima siuwezi, moshi wa kuni unanikimbiza. Lakini moyo umeacha kuponda. Nyinyi mnaoponda mawe, pondeni nje, yalowesheni maji, na mtu akiyaona acha ayaone. Ukikohoa, nenda hospitali. Ukipewa vidonge, vimalize hata ukinenepa. Akija mhubiri akakwambia uvitupe kwa imani, mfukuze, maana mchungaji wangu aliniombea huku akinishikia kikombe cha maji nimeze. Na pumzika ungali unaweza kulala. Wabeja, yaani asante, Mungu wangu. Wabeja, Mama Neema.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Kambarage, kila chumba na madirisha mawili. Nina meza ya mchele sokoni na mizani yangu mwenyewe. Nina ng'ombe wanne kwa kaka yangu kijijini. Nina wajukuu watatu, mmoja nimempa jina la Kabula. Nina kaburi moja Kharumwa, nimelijengea kwa saruji. Nina kitanda cha mninga, godoro, na mto mmoja. Na nina kile kinu cha chuma. Nimekiweka mlangoni, kinauzuia mlango usijifunge.