Matanga ya Uwanja wa Nkabom

Ebo Kwansa alikula miaka thelathini na mmoja katika kazi ya baruti, kwanza migodini Tarkwa, kisha mijini akiangusha majumba yaliyochoka. Miaka yote hiyo hakumtoa mtu hata tone la damu, na ndilo jambo pekee alilojivunia. Mtaani waliliona hilo? Wapi! Walimwita Bomoabomoa, na akipita majirani walificha vyungu.

Basi serikali ikampa kazi ya kuuangusha Uwanja wa Nkabom, jukwaa kuukuu lililokuwa likidondosha kipande kila mvua inyeshapo. Ebo akatoboa nguzo, akapakia baruti, akazifunga nguzo kwa nyavu na magunia, akapima mita mia nne kila upande na kuzungusha kamba nyekundu. Hesabu ikakaa sawa. Asichokipigia hesabu ni kamati ya uwanja.

Kamati iliamua kwamba uwanja wa taifa haufi kama mbwa. Uzikwe kwa heshima! Wakabandika mabango yenye picha ya marehemu, wakashona nguo nyekundu na nyeusi za msiba, wakaleta spika kubwa kuliko choo. Na kwa kuwa wafiwa hawakai mbali na maiti, mahema na viti mia tatu vikapangwa ndani ya kamba, hatua sitini kutoka ukutani. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Ampofo, akajikalia mbele kwenye kiti cha kuchongwa kutoka ofisini, yeye ndiye mkuu wa ukoo. Ukoo wa zege, jamani!

Siku ilipofika, Ebo akapiga king'ora cha kuwaondoa watu. Mwenye spika akakiongezea ngoma, kina mama wakainuka kucheza.

"Mheshimiwa, nakusihi, ondoka na watu wako," Ebo alisema, jasho likimtiririka. "Mawe yataruka."

"We fundi, hukufunzwa kwenu? Mfiwa anamwacha maiti peke yake?"

"Maiti huyu atakuangukia, mzee wangu."

"Saa nne kamili ubonyeze! Hutaki, wapo vijana kibao wanaojua kubonyeza."

Hapo Ebo aliogopa kwelikweli. Akibonyeza, ataua. Akiondoka, ataletwa mwingine aue. Akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, nje ya kamba, ambako mkewe Araba alikuwa amemletea kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki. Akamweleza yote.

"Baba watoto, umekuwa mgeni hapa?" Araba akamcheka. "Mfiwa hafukuzwi. Husalimiwa."

Ebo akampigia magoti papo hapo. Akawavisha vibarua wake arobaini vitambaa vyekundu, wakaingia mahemani kwa mstari, kuanzia kulia kwenda kushoto, wakamshika mkono kila mfiwa na kumpa pole. Kisha wakatoka, wakaenda kuketi kwenye mabenchi kule ng'ambo ya barabara, kama wageni waliotoka safari ndefu.

Sasa kwetu nani asiyejua? Ukishasalimiwa matangani, unainuka kuwafuata wageni walipoketi, uwarudishie mkono. Asiyeinuka atasemwa hadi na wajukuu zake. Mheshimiwa akatazama ng'ambo, akatazama jua, akasonya. Akainuka. Wafiwa wote mia tatu wakajipanga nyuma yake.

Ebo alipita kila hema, akachungulia chini ya kila meza. Hakubaki hata kuku. Alipovuka kamba na kumwona mama wa mwisho akishikana mikono na vibarua, akabonyeza.

Uwanja ukapiga magoti, ukajilalia wenyewe. Kipande kimoja tu, ukubwa wa mbuzi, kilichomoka, kikapasua hema na kukigeuza kile kiti cha kuchongwa kuwa kuni. Ebo akahesabu watu, akahesabu tena. Wote wazima. Akaketi vumbini akalia mbele ya kadamnasi, bila haya.

"Mnauona uzembe wa huyu?" Mheshimiwa akafoka. "Mali ya serikali hiyo!"

Wiki iliyofuata barua ikaja kutoka ofisini kwa Mheshimiwa. Atoe maelezo kwa maandishi, kwa nini kiti kimeharibika? Ebo akachukua kalamu, Araba akimchungulia begani, akajibu kwa mstari mmoja:

"Nilipopiga king'ora, kiti hakikuondoka."