Nilivyolala Kwenye Machela ya Bibi Harusi

Msicheke kabla sijamaliza, ingawa najua Sagalla nzima imeshacheka, na mimi mwenyewe nikikumbuka siku ya harusi ya Wakesho, binti ya marehemu dada yangu, najifunika uso na leso.

Wakesho alitaka kitu kimoja tu: abebwe kwa machela kutoka nyumbani hadi kanisani. Sasa, kwetu mlimani machela ni ya mgonjwa, maana gari halifiki, wanaume wanamweka mtu mabegani wanamshusha hadi barabarani kanisa lilipo, na mama yake alishushwa hivyo hivyo, akakata roho kabla ya kufika. Wazee walikataa. Wakesho akawaambia, "Hiyo njia nimeiogopa miaka yote. Nataka machela ipite pale hata mara moja ikiwa na mtu mwenye furaha." Wakakubali. Tukafunga kiti kwenye miti miwili, tukakizungushia leso pande zote, na amri ikatolewa: pazia asilifungue mtu isipokuwa bwana harusi.

Mimi nilikuwa nimepika siku tatu. Miguu imevimba, mgongo haunyooki, na kila kiti pale nyumbani kina mgeni (wageni wenyewe ukimwinua mmoja ni kesi). Nikaiona machela nyuma ya nyumba, ndani kuna mto. Nikasema dakika tano tu, nipumzishe nyayo, nikaingia, nikavuta pazia.

Wabebaji wanne walikuwa wameambiwa wakisikia wimbo wa kina mama waondoke. Kina mama wakaanza mazoezi, tena kwa sauti. Mbebaji mmoja akauliza, "Uko tayari, dada?" Wanasema niliitika "mmh". (Nasikia pia walilalamika kwamba bibi harusi amenona, hayo nimewasamehe.) Na watu waliozoea kubeba wagonjwa hawapumziki njiani, wanatembea tu.

Nilichosikia mimi ni vigelegele. Pazia likafunguliwa, bwana harusi amenyoosha mkono anipokee, nyuma yake mchungaji na ukoo mzima, na mimi kilemba kimeshukia jicho, aproni ina mchuzi. Vigelegele vikakatika. Yule kijana akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama."

Wabebaji walikuwa hoi, mabega yamechubuka, na mchungaji alikuwa na harusi nyingine Voi mchana huo huo. Kurudi mlimani haikuwezekana. Basi Wakesho akashuka kwa miguu, gauni mkononi, njia ile ile.

Nilimngoja langoni nikilia. "Mwanangu, nimekuharibia siku yako."

Akaniangalia, pindo limejaa vumbi jekundu. "Mama mdogo," akasema, "umeshushwa kwa machela, ukafika ukikoroma. Mama hakufika. Mimi imenitosha."

Akanishika mkono, tukaingia pamoja, mimi na aproni yangu. Tangu hapo kwenye harusi za watu nasimama, hata miguu ivimbe vipi, na nikikaribishwa kiti nauliza kwanza kinaelekea wapi.